Plastiki: Neno la mfinyanzi lililoishia jaani

MALORI ya taka yanapomwaga shehena katika jaa la Mwakirunge, eneo la Kisauni, Mombasa, waokotaji huwahi chupa, mitungi na ndoo za plastiki, kwa kuwa vitu hivyo vina wanunuzi. Neno plastiki liko kinywani mwa kila mtu, ila si wengi wajuao kwamba asili yake ni kazi ya mfinyanzi.

Kiswahili kililipata neno hilo kutoka Kiingereza, lakini Waingereza nao waliliazima. Chimbuko lake ni kitenzi cha Kigiriki, plassein, yaani kufinyanga. Kutokana nacho likazaliwa plastikos, kinachofinyangika. Warumi wakasema plasticus, na baadaye likaenea Ulaya: Wafaransa wana plastique, Wahispania plástico, na Wajerumani Plastik, ambalo kwao humaanisha pia sanaa ya uchongaji. Hata plasta, ya ukutani na ya kidondani, ni ya ukoo huo huo.

Asili hiyo inasahihisha dhana moja potovu. Wapo wanaoamini kwamba anayefanyiwa upasuaji wa plastiki hutiwa plastiki mwilini. La hasha! Maana yake ni kuliunda upya umbo la kiungo. Daktari Mjerumani, Carl Ferdinand von Graefe, alikiita Rhinoplastik kitabu chake cha mwaka wa 1818 kuhusu kuunda upya pua, ilhali plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kwa kemikali tupu, Bakelite, ilivumbuliwa na Leo Baekeland nchini Marekani mwaka wa 1907.

Neno hilo pia linaeleza kwa nini chupa kuukuu ina thamani: huyeyushwa kwa joto na kufinyangwa upya. Hata hivyo, si plastiki zote zilizo hivyo. Nyingine, Bakelite ikiwemo, zikishaganda haziyeyuki tena.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka wa 2017, na sheria ya mwaka wa 2022 kuhusu usimamizi wa taka inataka zitenganishwe zinakotoka. Chupa iliyotengwa nyumbani hufika kwa mnunuzi ikiwa safi. Iliyochanganywa na mabaki ya chakula humlazimu mwokotaji kuifukua kwenye uozo, na ikichomwa jaani, moshi wake wenye sumu huwarudia wakazi. Kinachofinyangika hakistahili kuishia motoni.