Mama, uweke akiba kwa ajili ya mtoto wako



Leo umeleta mtoto kwenye mzani. Tumeandika kilo zake kwenye karata, na kama siku yake ya sindano imefika, ameipata. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini kuko jambo moja ambalo mzani haupimi: mtoto akigonjwa usiku wa leo, nyumbani kuko feza ya kumsaidia?

Sisi wauguzi tunajua mambo yanavyokwenda. Mtoto anapata homa siku ya kwanza. Mama anasema, «Ningoje kidogo, franga haiko.» Siku ya pili anatafuta wa kumkopesha. Siku ya tatu anafika hospitali, na mtoto amekwisha kuanza kushikwa na degedege. Malaria haingoji siku ya soko. Mtoto mchanga mwenye homa aonwe na mganga siku ile ile. Kwa hiyo akiba si mambo ya matajiri. Ni dawa inayowekwa nyumbani kabla ya ugonjwa.

1. TUANZE NA NINI?

Kuko wamama wanaosema, «Mimi niko na feza kidogo sana, nitaweka nini?» Mama, wahenga walisema: haba na haba hujaza kibaba. Tuhesabu pamoja. Tuseme unauza mawese, sombe au samaki sokoni mara 2 kwa juma. Kila ukitoka sokoni, weka franka 500 kando, kabla ya kununua chumvi na sabuni. Kwa juma moja ni franka 1.000. Kwa majuma 26, yaani miezi 6, ni franka 26.000. Ukingoja kuweka kile kitakachobaki, hakitabaki kitu.

Wamama wa Nyangwe hawahitaji kufundishwa biashara. Mwaka 1871 msafiri Livingstone alikaa hapa, akaandika jinsi wamama walivyojaa sokoni kando ya Lualaba na kubishania bei. Kuuza mnajua tangu bibi zenu. Tunachofundisha leo ni namna ya kulinda kile mlichopata.

Kama uko na mimba, anza sasa. Miezi ile ya kungoja mtoto ni wakati wa kutayarisha feza ya kuzalia, vitambaa, sabuni, na feza ya kinga au pikipiki ya kukufikisha hospitali.

2. USIWEKE AKIBA KUTOKA TUMBO LA MTOTO

Hili ni neno kubwa. Mama asiyekula vizuri anadhoofika, na mtoto wa miezi 8 anayekula bugali tupu atakonda, hata kama mama ana feza nyingi kitambaani. Usiuze mayai yote na karanga zote. Yai moja la mtoto lina faida kuliko feza yake.

Punguza mahali pengine:

– Maziwa ya kopo na biberoni ni bei kali, tena biberoni chafu inaleta kuhara. Mtoto wa miezi 6 ya kwanza anyonye tu, hata maji usimpe. Maziwa yako hayauzwi, na ni bora kuliko yote. Baada ya miezi 6 umpe uji wenye karanga, samaki au yai, na uendelee kumnyonyesha mpaka miaka 2.

– Sindano za chanjo ni bure. Usikose hata moja. Surua ikiingia nyumbani itakula akiba yote.

– Mtoto alale ndani ya chandarua. Usiku mmoja wa homa ni bei kuliko majuma mengi ya akiba.

3. FEZA IWEKWE WAPI?

Wengine wanaficha feza ndani ya majani ya paa, chini ya godoro, au ndani ya nyungu iliyozikwa. Mchwa, panya, mvua na moto wanajua mahali pote hapo. Wengine wanaifunga kiunoni. Huko mwizi anaiona, na wewe mwenyewe unaifungua kila mara. Nyumbani weka kidogo tu, ya kukimbilia hospitali usiku, ndani ya kopo lenye kifuniko. Nyingine iende mahali pengine.

Likelemba. Tuseme wamama 10 wanatoa kila mmoja franka 2.000 kwa juma, na kila juma mmoja anapokea franka 20.000. Ni njia nzuri ikiwa mnajuana. Chagueni watu wachache wa jirani, na zamu ziandikwe mbele ya wote. Mwenye mimba aombe zamu iliyo karibu na mwezi wa kuzaa. Mpatane pia tangu mwanzo: mtoto wa mwenzetu akigonjwa sana, tutabadilishana zamu? Msingoje siku ya ugomvi.

Kikundi cha sanduku, kinachoitwa AVEC. Njia hii ilianza nchini Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na leo iko katika nchi nyingi za Afrika. Feza inakaa ndani ya sanduku lenye kufuli 3, na kila ufunguo uko kwa mama mwingine. Sanduku linafunguliwa siku ya mkutano tu, na feza inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Karibu mwaka ukiisha, kila mmoja anapata akiba yake na faida. Kikundi kinaweza pia kuweka mfuko mdogo wa kusaidia mwenye mgonjwa. Mtu mmoja akitaka kushika funguo zote, mkatae, hata kama ni ndugu.

Simu. Tangu mwaka 2012 kuko M-Pesa hapa Kongo, na kuko pia Airtel Money na Orange Money. Ni salama kuliko godoro, kama rezo inafika kwenu. Namba yako ya siri usimwambie mtu: si mtoto, si jirani, hata yule wa kabini. Soma ujumbe mbele yake kabla ya kuondoka. Usitoe kidogo kidogo, kwa maana gharama ya kutoa inakula akiba.

Vitu. Wazee wetu wako na sababu ya kuogopa karatasi. Mwezi wa 12 mwaka 1979 serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazifai tena, na watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha. Wengi waliokaa mbali walipoteza jasho lao. Mwaka 1993 zaire 3.000.000 za zamani zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100.000 zikawa franka 1. Kwa hiyo si vizuri kuweka yote kwa karatasi. Ukiweza, weka mpunga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na uuze bei ikipanda. Ukaushe sana na uuweke juu ya uchaga. Karanga zenye kuvu ni sumu. Usiweke, usiuze, usimpe mtoto. Mbuzi ni akiba nzuri. Kuku pia, lakini ugonjwa mmoja unaweza kumaliza banda lote; basi usitegemee kuku peke yao.

4. JIHADHARI NA FAIDA YA HARAKA

Mwaka 1991 watu wengi wa Kinshasa walipeleka feza kwa Bindo Promotion, iliyowaahidi faida kubwa kwa muda mfupi. Mwaka ule ule ikaanguka, na feza zikapotea. Mtu akikuambia, «Nipe leo, nitakurudishia mara mbili,» funga kitambaa chako na urudi nyumbani.

5. NA BWANA YAKO?

Zungumza naye, jioni, moyo ukiwa mtulivu. Mwambie, «Baba fulani, hii ni feza ya homa ya mtoto. Tusiiguse kwa pombe wala kwa nguo ya sikukuu.» Baba akijua kazi ya feza, atasaidia kuiongeza. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke aombe ruhusa ya bwana kwa mikataba mingi. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2016, na ruhusa ile iliondolewa. Hata hivyo, kupatana nyumbani kunashinda kufichana.

UKUMBUKE:

– Weka kidogo kila siku ya soko, kabla ya kununua.
– Gawanya akiba: nyumbani kidogo, kikundini, na kwa vitu.
– Chakula cha mtoto si akiba.
– Siku ya homa, toa feza bila kusita. Iliwekwa kwa siku hiyo. Kuko wamama wanaohurumia franga, kisha wanalia.
– Kama huna hata franka moja, usibaki nyumbani kwa haya. Leta mtoto kwanza. Habari ya malipo tutazungumza akiwa mzima.

Siku ya mzani inayokuja, utuambie umeanza na kiasi gani.