Sanduku Tupu la Kufuli Tatu

Mashirika mengi yasiyo ya kiserikali hufika kijijini na kitu cha kugawa: mbegu, vyandarua, madaftari, kisima. Kazi ya kuanzisha vikundi vya kuweka na kukopa, vile ambavyo Watanzania wamezoea kuviita vikoba, haimo katika kundi hilo. Hapa shirika halitoi hata senti ya mtaji. Linaleta mwezeshaji, utaratibu wa vikao, vijitabu vya hisa na sanduku la chuma, na sanduku lenyewe ni tupu. Mara nyingi kikundi hata hulilipia. Fedha zitakazoingia humo zitatoka mifukoni mwa wanakijiji wenyewe, na zitakazotoka zitarudi kwao.

Utaratibu huu ulianzia Niger. Mwaka 1991, katika eneo la Maradi kusini mwa nchi hiyo, shirika la CARE likiwa na mfanyakazi wake kutoka Norway, Moira Eknes, lilianza na wanawake waliokuwa tayari wanachangishana kwa mzunguko, mtindo ambao Tanzania unajulikana kama upatu au mchezo. Upatu ni wa zamani na una nguvu zake: kila mtu anatoa sawa, na kila mara mmoja anazoa zote. Shida yake ni zamu. Mtoto anaweza kuugua wiki ya tatu na zamu ya mama yake ikawa ya kumi na moja. CARE walichoongeza ni kitu kimoja: fedha zisigawiwe papo hapo, bali zikae pamoja, zikopeshwe kwa mwenye shida au mwenye biashara, zirudi na ziada, kisha mwisho wa mwaka zigawanywe.

Wakati huo dunia ya misaada ilikuwa ikitazama Bangladesh, ambako Muhammad Yunus alianza kukopesha wanakijiji wa Jobra mwaka 1976, kazi iliyozaa Benki ya Grameen mwaka 1983. Huko mkopo ndio uliokuwa mlango wa kuingilia. Niger walianza na akiba, na tofauti hiyo si ndogo. Anayeanza na mkopo anaanza na deni kwa mtu wa nje. Anayeanza na akiba, hata biashara yake ikifa, anadaiwa na jirani zake tu, na sehemu ya fedha hizo ni zake.

Wanawake wa Maradi wengi hawakujua kusoma, hivyo vikundi vya kwanza havikuwa na daftari. Hesabu zote ziliwekwa kichwani. Utaratibu ulipopelekwa Zimbabwe na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, mtaalamu Hugh Allen na wenzake waliubadilisha. Badala ya kila mtu kuchangia kiasi kilekile, kila mwanachama sasa hununua hisa kati ya moja na tano katika kikao kimoja, kwa uwezo wake wa wiki hiyo. Kila hisa hugongewa mhuri mmoja kwenye kijitabu chake. Asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri. Zanzibar na Tanzania Bara ziliupokea utaratibu huu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Bara ukapata sura yake mahususi, VICOBA, ambako kikundi cha watu kama thelathini hugawanywa katika vikundi vidogo vya watano watano wanaodhaminiana.

Kikao chenyewe huendeshwa kama ibada, na hilo limekusudiwa. Wanachama, kati ya kumi na tano na thelathini, huketi kwa mpangilio uleule kila wiki, kila mmoja na namba yake. Aliyechelewa anatozwa faini. Sanduku huletwa na mtunza sanduku, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Funguo tatu ziko kwa wanachama watatu wengine, watu wasio viongozi wa kikundi. Kufuli zikishafunguliwa, mwenyekiti huwauliza wanachama wiki iliyopita walifunga wakiwa na shilingi ngapi kwenye mfuko wa jamii. Wanajibu kutoka kichwani. Wahesabu fedha wawili wanahesabu mbele ya wote, na kiasi kikilingana ndipo michango ya mfuko huo inakusanywa. Kisha zinaitwa namba, moja baada ya nyingine, kila mtu anakwenda mbele, anatoa fedha zake, mhuri unagongwa. Hisa zikiisha inakuja zamu ya marejesho na maombi ya mikopo. Anayeomba anasimama na kueleza anataka kiasi gani na cha nini, na kwa kawaida hawezi kukopa zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Hakuna fedha inayoingia wala kutoka nje ya kikao, na hapo ndipo penye ulinzi wa kweli kuliko chuma cha sanduku: wizi wa ndani unahitaji watu ishirini na tano wakubali kutoona.

Mfuko wa jamii ni mdogo, ila wanachama huuzungumzia kuliko hisa. Hutoa msaada, si mkopo, au mkopo usio na ziada, kwa msiba, ugonjwa au nyumba iliyoungua. Katiba ya kikundi hutaja mapema nani anastahili na kwa kiasi gani, ili siku ya msiba watu wasianze kubishana kama shangazi wa mume ni mfiwa wa karibu.

Hesabu ya mwisho wa mzunguko, yaani siku ya kuvunja, ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Tuseme hisa moja ni shilingi 2,000, na kikundi kimeuza hisa 3,000 kwa mwaka, yaani shilingi 6,000,000. Ziada ya mikopo pamoja na faini zimeongeza 1,200,000. Jumla ya 7,200,000 ikigawanywa kwa hisa 3,000, kila hisa ina thamani ya shilingi 2,400. Mwenye mihuri 150 aliweka 300,000 na anaondoka na 360,000. Vitabu vinafutwa na mzunguko mpya unaanza. Kuvunja kila mwaka kunasafisha hesabu kabla hazijawa ngumu kwa watu wa kawaida kuzifuata, na kunampa asiyeridhika nafasi ya kuondoka bila ugomvi. Vikundi vingi hupanga siku hiyo iangukie kabla ya msimu wa kilimo au wa ada za shule. Pwani na visiwani, ziada inayotozwa kwenye mikopo huzua swali la riba, na baadhi ya vikundi vya Waislamu huamua kutoza ada ya huduma isiyopanda na mkopo, au kutotoza kabisa.

Basi shirika linafanya nini hasa? Linalipa mshahara na pikipiki ya mwezeshaji, anayekaa na kikundi takriban mzunguko mmoja: kila wiki mwanzoni, kisha mara chache, kisha anaonekana siku ya kuvunja. Masharti yake ni magumu. Haruhusiwi kugusa fedha, kushika ufunguo wala kuandika kwenye kijitabu cha mtu, hata anapoombwa na hata anapoona kosa linafanyika. Mashirika mengine, likiwamo Catholic Relief Services, yamekwenda mbali zaidi: mwezeshaji anafunzwa, anapewa cheti, kisha analipwa na vikundi vyenyewe, ili mradi ukiisha kazi isife. Gharama kwa mfadhili huwa ndogo, jambo linaloeleza kwa nini utaratibu umefikia mamilioni ya watu barani Afrika, na kwa nini mashirika mengine hujaribu kuubebesha mizigo yao: elimu ya lishe, mbegu mpya, majiko sanifu. Kikundi kilichokusanyika tayari kinavutia kila mwenye ujumbe, na wanachama huishia kusikiliza semina badala ya kuhesabu fedha zao.

Kishawishi kibaya zaidi ni kuongeza mtaji kutoka nje. Fedha ya jirani hurudishwa kwa sababu jirani ataiulizia kisimani. Fedha ya mradi haina mwenyewe. Mfano ni halmashauri za Tanzania, ambazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nia ni njema, lakini mwaka 2023 Serikali ililazimika kusimamisha mikopo hiyo baada ya ukaguzi kuonyesha marejesho mabovu na vikundi hewa, kabla ya kuirejesha kwa utaratibu mwingine.

Matokeo ya vikundi hivi yamepimwa. Utafiti ulioongozwa na mwanauchumi Dean Karlan na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulilinganisha vijiji vya Ghana, Malawi na Uganda vilivyopata vikundi na vingine ambavyo havikupata, vikiwa vimechaguliwa kwa bahati nasibu. Akiba na mikopo viliongezeka, biashara za wanawake zikanufaika, na wanawake wakawa na sauti zaidi nyumbani. Matumizi ya kaya kwa ujumla hayakupanda. Kikoba, basi, humwezesha mtu kupanga fedha alizonazo na kuvuka miezi migumu; kumtoa kwenye umaskini ni kazi nyingine. Hata kujiunga kuna kizuizi chake. Asiye na uhakika wa hisa moja kwa wiki huona haya kukaa mbele ya wenzake mikono mitupu, na maskini kabisa hujiondoa bila kufukuzwa.

Mijini matatizo ni ya aina yake. Vikundi huwa vikubwa, wanachama hawajuani vizuri, na mtu anaweza kukopa kikoba cha Jumanne kulipa cha Ijumaa, akikwama anakimbilia mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu. Sanduku nalo huwa zito kadiri siku ya kuvunja inavyokaribia, na wezi wanajua kalenda. Mwaka 2019 Vodacom na Benki ya Posta Tanzania walianzisha M-Koba, ambapo fedha za kikundi hukaa kwenye simu na muamala huthibitishwa na zaidi ya mtu mmoja, kama zile funguo tatu. Kabla ya hapo, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilikwisha kuvitambua vikundi hivi na kuviweka daraja la nne la watoa huduma, chini ya wapokea amana, wakopeshaji na vyama vya ushirika vya akiba na mikopo (SACCOS), usajili ukifanywa na halmashauri kwa niaba ya Benki Kuu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti na kushtaki mdaiwa sugu. Kwa wanachama wa kijijini, faida ya kwanza huwa ya karibu zaidi: fedha za wiki za mwisho hulala benki badala ya chini ya kitanda cha mtunza sanduku.