Mbele ya kushusha bwati, pima embreyaje

Wandugu watumishi wa mine, pamoja na mama na watoto ku nyumba: mu magaraji ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuko neno moja lenye kula franga yetu sana: "Bwati imekufa." Mutumishi anatoka ku ekipe ya usiku, macho imejaa usingizi, anasikia ile neno, anatosha minervali ya watoto. Kiisha wiki mbili motokari inaanza tena vilevile. Juu ya nini? Juu bwati ya vitesi haikukuwa na ugonjwa. Ilikuwa embreyaje, na pengine kable yake tu.

Bilteni ya mushahara tunaisoma mustari kwa mustari. Devi ya garaji nayo tuisome vile. Lakini mutu hawezi kusoma devi kama hajui ugonjwa iko wapi.

Katikati ya motere na bwati kuko diski moja. Plato inaibana juu ya volani ya motere (si ile volani ya kushika na mikono). Ukiacha pedali, diski inabanwa na nguvu ya motere inafika ku magurudumu. Ukikanyaga, bute inasukuma plato, diski inaachiliwa, njo vitesi inaweza kubadilika. Muguu wako unafanya ile kazi kwa kupitia kable, ao kwa kupitia mafuta ya freni. Basi, magonjwa ni ine, na kila moja iko na alama yake.

INATELEZA

Motere inalia kwa nguvu lakini motokari haiendi, zaidi ku mulima ao ukiwa na muzigo. Kuko harufu ya kuungua. Pima hivi: simama pahali pa sawa, mutu asiwe mbele wala nyuma. Vuta freni ya mukono nguvu, tia vitesi ya tatu, acha pedali polepole. Motere ikizimika, ni vizuri. Ikiendelea kuzunguka na motokari imesimama, diski inateleza. Pima mara moja tu, usiichome.

Lakini usinunue diski kwanza. Kama ni ya kable, gusa pedali na mukono: inapaswa kushuka kidogo bure mbele ya kuwa nguvu. Kama haina ile muchezo, kable imekazwa mupaka, na plato haibane vizuri. Kuregeza kable ni kazi ya dakika chache.

HAIACHI

Vitesi inakataa kuingia, mariere inakwaruza. Zima motere, jaribu tena. Kama sasa zote zinaingia bila shida, bwati haina kosa: ni embreyaje haiachi diski. Kama zinakataa hata motere imezimika, hapo fundi aangalie levye na bwati.

Ku motokari ya mafuta, kanyaga pedali mara tano ao sita haraka. Vitesi ikiingia kiisha pale, kuko hewa mu mafuta, ao inavuja. Angalia bokali, angalia chini ya pedali, angalia resepetere pembeni ya bwati: kuko maji-maji? Fanya ile kazi siku ileile, juu mu motokari mingi bokali ni moja na ya freni. Leo unakosa vitesi, kesho unakosa freni.

INALIA

Motere iko inazunguka, hakuna vitesi. Kanyaga pedali. Kama makelele inaanza wakati unakanyaga, ni bute. Kama inalia wakati umeacha, na inanyamaza wakati unakanyaga, ni rulema ya bwati. Hapa njo fundi iko na haki ya kusema bwati.

INATETEMEKA

Motokari inarukaruka wakati wa kuondoka. Pengine mafuta imeingia ku diski, pengine volani imeungua, pengine ni silambloke ya motere imevunjika. Anza na silambloke: inaonekana bila kushusha kitu.

KU GARAJI

Kama diski imeisha kweli, badilisha diski, plato na bute pamoja. Mandevre ya kushusha bwati ni ileile, ukibadilisha kimoja ao bitatu. Sema pia waangalie juwaspi ya nyuma ya motere: ikivuja, diski mupya itakufa mbio.

Kiisha omba bintu ya zamani, ni yako. Diski yenye kuisha, marive yake inakaribia kulingana na uso. Kama ungali munene na mukavu, uliza fundi sababu, mbele ya kulipa.

Na vumbi, wandugu. Sisi wa mine hatuna lazima ya kufundishwa nini vumbi inafanya ndani ya mapafu. Diski nyingi za zamani zilitengenezwa na amiante. Usipulize na kompresere wala na kinywa. Panguza na kitambaa cha maji, watoto wakae mbali. Na mutu asiingie chini ya motokari yenye kusimama juu ya kriki peke yake.

Kinachobaki ni muguu wako. Usiuweke juu ya pedali wakati unaendesha. Ku mulima, shika motokari na freni, si na embreyaje. Mu foleni ya malori ku Kasumbalesa, ngoja nafasi ifunguke, usisukume metre kwa metre. Na taksi ya watu watano isipakie minane pamoja na mifuko ya bunga: ile franga ya safari moja, diski itakuja kuiomba yote.