Maneno ya Pembe ya Wino

Nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu, wanafunzi wenzangu na ninyi kaka zetu mliokwisha kumaliza masomo hapa, habari za maneno yaliyotungwa na wenye elimu, yakafa kabla ya kuwafikia watu. Lakini kwanza sina budi kukiri kosa langu mwenyewe.

Likizo iliyopita shangazi yangu, ambaye huuza viazi hapa Gisenyi, aliniomba nimwandikie barua mama mmoja wa Goma aliyechukua magunia mawili kwa mkopo. Wakati huo nilikuwa nimeazima kamusi kubwa ya Kiswahili, na nilitaka shangazi aone kwamba karo aliyonilipia haikupotea bure. Basi nikaandika "taadhima", nikaandika "dhima", nikaandika "taksiri". Neno "deni" nililiona la kitoto, nikaliacha.

Yule mama alisomewa barua na kijana wa jirani. Hawakuelewa, ila waliogopa. Wakadhani imetoka mahakamani. Majuma matatu mama hakuonekana mpakani, na shangazi akakosa fedha za kununua viazi vingine. Mwisho alivuka mwenyewe, akamwambia, "Mama, nimefuata falanga za viazi vyangu." Akalipwa nusu siku ile ile, na nusu juma lililofuata. Shangazi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, barua ile ulimwandikia nani?"

Swali hilo lilinirudisha maktaba, na huko nikagundua kwamba Waingereza, ambao lugha yao hututoa jasho darasani, waliugua ugonjwa huu huu zamani.

Katika karne ya 16 elimu ya Ulaya ilikuwa katika Kilatini. Waingereza walipoanza kuandika mambo ya dini, sheria na utabibu kwa lugha yao, waliona maneno hayatoshi. Wakachota katika Kilatini na Kiyunani. Wengine walichota kwa haja, wengine kwa kujionyesha. Siku hizo wino uliwekwa katika pembe ya mnyama, na kadiri neno lilivyokuwa refu ndivyo lilivyokula wino mwingi. Kwa hiyo watu wakayaita kwa dhihaka maneno ya pembe ya wino.

Mwaka 1553 Thomas Wilson alitoa kitabu juu ya ufasaha, akatia ndani yake barua ya mzaha ya mtu anayeomba kazi ya kanisa kwa maneno mazito ya Kilatini. Nilipoisoma niliona haya, kwa maana niliifahamu barua hiyo: ilikuwa ndugu yake ile yangu.

Naye John Cheke, mwalimu wa Kiyunani huko Cambridge, alitaka Kiingereza kisikope kabisa. Alipoifasiri Injili ya Mathayo, akida wa askari mia alimwita "hundreder", yaani mtu wa mia. Neno hilo nalo halikushika, ingawa ni la kienyeji kabisa.

Baadaye zikaja kamusi. Mwaka 1604 mwalimu Robert Cawdrey alichapa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, yenye maneno magumu kama 2,500, apate kuwasaidia wasiosoma Kilatini. Mwaka 1623 Henry Cockeram alichapa yake, na sehemu moja ilimfundisha msomaji kubadili neno jepesi kwa neno la fahari. Humo mna "bubulcitate", maana yake kupiga kelele kama mchunga ng'ombe. Sisi wa Rwanda twawajua wachungaji. Nani kati yao angelihitaji neno hilo?

Lakini ndugu msomaji, usikimbilie kucheka. Mwaka 1601 Ben Jonson alitunga mchezo ambamo mshairi mmoja anapewa dawa, akatapika maneno yake makubwa mbele ya watu. Kati ya maneno yaliyotapikwa, "oblatrant" na "furibund" hayasikiki tena. Lakini "reciprocal", "defunct", "strenuous", hata "clumsy", nayo yalitapikwa pale pale, na leo sisi huyakuta katika vitabu vyetu bila kushtuka. Vivyo hivyo "impede", kuzuia, liliishi. Mwenzake "expede", kuharakisha, akafa. Wote wawili walitoka katika Kilatini.

Basi neno halifi kwa kuwa ni geni, wala haliishi kwa kuwa ni la wenyeji. Linaishi likipata kazi ya kufanya, na watu wakilichukua midomoni mwao.

Kiswahili chetu kimeyaona hayo. Kompyuta ilipofika, wataalamu walitunga "ngamizi", na wengine "tarakilishi". La kwanza halisikiki sana. La pili linafundishwa katika vitabu vya Kenya. Lakini mjini, kuanzia Mombasa hata Goma, watu husema kompyuta. Kwa upande mwingine, "bunge" na "ikulu" yalichukuliwa katika lugha za bara ya Tanganyika, na leo hakuna anayeuliza yalitoka wapi. Hata maneno ya Kiarabu niliyoyatumia katika barua yangu si mabaya. Yana wenyewe, na mahali pake yanafaa sana. Kosa lilikuwa langu, niliyeyapeleka kwa mtu asiyeyahitaji.

Jambo hili latuhusu sisi wa Rwanda hasa. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi yetu. Wengi tutakaomaliza shule tutaandika matangazo, barua na hati kwa ajili ya watu ambao Kiswahili chao ni cha sokoni. Tukiandika kwa pembe ya wino, wao ndio watakaokosa fedha zao, si sisi.

Juzi shangazi aliniomba barua nyingine, ya kwenda kwa mama yule yule. Mara hii nilimsomea yeye kwanza. Alinisimamisha mara mbili, nami nikafuta mara mbili. Neno la kwanza katika mstari wa pili lilikuwa "deni".