Muumini Akihama Kanisa, Mchungaji Afanyeje?

Juma hili nataka tuzungumzie jambo ambalo hapa mjini tunalijua sote, ila tunalisema kwa kunong'ona: muumini kuhama kanisa. Jirani alikuwa Mlutheri, sasa anasali chini ya turubai karibu na kituo cha basi. Mwenzako kazini alikuwa mwanakwaya wa parokia, leo ukimwuliza anajibu, "Siku hizi nasali nyumbani." Maswali yetu yote humwendea aliyeondoka: kapatwa na nini? Kafuata miujiza? Mimi leo nauliza juu ya aliyeachwa. Mchungaji hufanya nini akiona nafasi ya mtu imebaki tupu?

Sikusudii kuamua kanisa lipi ni la kweli. Hiyo si kazi ya mwandishi wa habari.

Kuhama kwenyewe si jambo geni. Mwaka 1989 Zachary Kakobe alianzisha Full Gospel Bible Fellowship hapa Dar es Salaam, na miongoni mwa waliolijaza kanisa hilo walikuwamo waliobatizwa katika madhehebu ya zamani. Wapentekoste nao hawakusalimika. Mwaka 1991 Moses Kulola alitoka Tanzania Assemblies of God akaanzisha Evangelistic Assemblies of God Tanzania, na watu wakamfuata. Kwa hiyo hakuna kanisa linaloweza kujigamba kwamba kwake watu huingia tu, hawatoki.

Kwa miaka niliyozungumza na wachungaji na waumini, nimeona majibu ya namna nne.

La kwanza ni kunyamaza. Usharika wa mjini una ibada mbili au tatu kila Jumapili na mchungaji hawezi kumjua kila mtu. Basi wa kwanza kutambua kwamba fulani haonekani ni mhesabu bahasha. Mama mmoja alinisimulia kwamba aliugua miezi minne. Aliyebisha hodi kwake alikuwa mzee wa kanisa mwenye daftari la ahadi za ujenzi. Hakuombewa, alikumbushwa deni. Alipopona akaanza kusali kwingine, na huko nyuma ikasemwa kuwa amedanganywa na walokole. Hebu tujiulize, mama yule alihama lini hasa? Siku aliyoingia kanisa jipya, au siku ile ya daftari?

La pili ni kumshambulia madhabahuni. Hapa silaha inayopendwa ni Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 2, mstari wa 19, panaposemwa habari za watu waliotoka kwa kuwa hawakuwa wa kundi tangu mwanzo. Lakini ukishuka mistari mitatu tu utaona mwandishi anawasema wanaokana kwamba Yesu ndiye Kristo. Aliyetoka kwa Waanglikana akaenda kwa Wamoraviani hajamkana Kristo. Kumtwika mstari ule ni kumwonea. Tena aliyetukanwa hayupo pale kusikia. Wanaosikia ni mkewe, dada yake na rafiki zake waliobaki, nao wanajifunza kwamba siku wakiwa na dukuduku, wasimwambie mchungaji.

La tatu ndilo zito zaidi: kutisha. "Tutaona nani atakuzika." Kwa watu wetu neno hilo si dogo. Mtu anaweza kuvumilia kukosa mkate wa Bwana, lakini hawezi kuvumilia wazo la jeneza lake kukaa bila wa kuliombea, wakwe wakitazama. Ndiyo maana wako wanaolipa michango kwenye kanisa wasilolipenda tena, kama anayelipa bima. Hapa inafaa tuelewane. Kanisa lina haki ya kuamua liendeshe ibada ya nani. Lakini makaburi mengi ya mjini ni ya manispaa, mchungaji hana ufunguo wake. Na ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Hali kadhalika cheti cha ubatizo. Ubatizo ukishafanyika umefanyika, na kumnyima mtoto karatasi kwa sababu baba kahama ni kumwadhibu asiyehusika.

La nne ni kuiga. Madhehebu ya zamani yalipoona vijana wanapungua, yalifungua milango kwa maombezi, magitaa na mikesha. Wakatoliki wana Karismatiki, na katika sharika nyingi za Kilutheri zipo fellowship za katikati ya wiki. Silibezi jibu hili, limewabakiza wengi. Lakini kinanda hakimtembelei mgonjwa.

Tusiwaonee wachungaji. Mmoja aliniambia kwamba muumini uliyembatiza, ukamfungisha ndoa, akiondoka bila kuaga, ni kama msiba usio na matanga. Naye muumini ana wajibu. Ukiwa unahama, nenda kaage. Mtu mzima haondoki kwenye nyumba aliyolelewa kwa kupitia dirishani.

Hata hivyo, mzigo mkubwa uko kwa mchungaji. Tutazame Ujerumani, walikotoka baadhi ya wamisionari waliotuletea Ulutheri. Kule serikali hukusanya kodi ya kanisa pamoja na kodi ya mapato, na anayetaka kujitoa huenda kwenye ofisi ya serikali. Mwaka 2022 walijitoa Wakatoliki zaidi ya 500,000. Amri ya maaskofu wao ya mwaka 2012 inamzuilia aliyejitoa sakramenti, lakini pia paroko hutakiwa kumwandikia barua kumwalika wazungumze. Ni jambo jema, ila barua yenyewe huja mtu akishatia saini. Hapo unazungumza na mgongo wake.

Dawa ni kuwahi, na vyombo vya kuwahi tunavyo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walitilia mkazo jumuiya ndogo ndogo katika mkutano wao wa mwaka 1976, ili kanisa liwe la majirani wanaojuana. Walutheri nao wana jumuiya za mitaani. Nyumba kumi au kumi na tano haziwezi kukosa kujua kwamba mama fulani ni mgonjwa. Lakini jumuiya ikigeuzwa kituo cha kukusanyia michango, itajua nani hajalipa, haitajua nani analia.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, kuna utaratibu wa kumwonya ndugu hadi kumtenga. Wachungaji wanaujua sana. Wachache hukumbuka kwamba kabla tu ya maneno hayo, katika sura hiyo hiyo, kuna habari ya mtu aliyeacha kondoo 99 akaenda kumtafuta mmoja. Mpangilio huo una maana: kumtafuta kunatangulia.

Kwa hiyo, mchungaji, ukimkosa mtu Jumapili mbili, nenda kwake. Daftari liache ofisini. Muulize hali, kisha nyamaza usikilize. Akiamua kubaki, mshukuru Mungu. Akiamua kwenda, muombee, mpe cheti cha watoto wake, na umwambie njia anaijua. Aliyeagwa vizuri hurudi bila aibu. Aliyefukuzwa kwa matusi hata akikosea njia huona heri apotee.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo.