Mhusika Malkia katika Fasihi

Malkia ni mhusika anayejirudia katika masimulizi mengi. Katika mighani ya Mombasa, Mwana Mkisi anatajwa kuwa malkia aliyeuanzisha mji. Wamaasai na Wakalenjin wa Bonde la Ufa hawakuwa na malkia. Hivyo, mwanafunzi wa Nakuru humjua kupitia hadithi, au kupitia jina la timu ya taifa ya voliboli ya wanawake, Malkia Strikers. Hapa neno hili ni sitiari ya ubingwa.

Unapomchambua malkia, jiulize: Je, anatawala mwenyewe au ni mke wa mfalme tu? Nani anampinga, na kwa nini? Taji si sifa ya mhusika. Thibitisha sifa zake kwa maamuzi na matendo yake.