Jembe Lililobaki Kiganja

Jembe la kwanza la mtoto wa Kichagga halinunuliwi dukani. Ni jembe la bibi lililolika. Limelima miaka mingi mpaka bapa limebaki upana wa kiganja, mpini umekatwa ukawa mfupi, kisha likaegemezwa nyuma ya banda la ng'ombe kumngoja mwenyewe. Zamani, chuma kilipotoka kwa wahunzi wa Ugweno huko Upare, jembe halikuwa kitu cha kutupwa, na hata leo wazee wetu hawalitupi. Mtoto akifika miaka minne au mitano, akaanza kumwandama bibi kihambani, linakuwa lake.

Kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Juu kuna miti mikubwa kama mfuruanje, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, halafu magimbi, maharagwe na mboga. Masale yamepandwa mpakani, na wazee wa ukoo wamezikwa humo humo. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua ukulima huu wa vihamba, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Watu huja kupiga picha migomba na kahawa. Mimi naona kuna urithi mwingine usioingia kwenye picha, nao ni jinsi mtoto anavyofundishwa kazi ya kila zana.

Hakuna anayemkalisha mtoto chini akamtajia majina. Anaijua zana kwa yule inayemhudumia. Ukimuuliza mtoto wa kule mundu ni wa nini, atakujibu, "Wa ng'ombe." Ng'ombe wetu hachungwi; yuko bandani, na kila siku lazima mtu akamkatie majani. Mtoto anabeba kitita chake kidogo kilichofungwa kwa ganda la mgomba, anamwona ng'ombe akila, basi mundu umeshaeleweka. Chepe ni la samadi. Panga ni la mgomba.

Kwenye mgomba ndipo mafunzo yanaponoga. Desemba moja nilisimama pembeni nikimsikiliza mama yangu na mwanangu, wakati huo ana miaka mitano, mbele ya shina la mgomba wa mshare lililosongwa na machipukizi.

"Mume wangu," akamwambia, kama bibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "hapa wanakaa watatu tu. Mama, mtoto na mjukuu. Hebu wahesabu."

Mwanangu akahesabu kwa kidole. Mama ndiye aliyebeba mkungu. Mtoto amefika usawa wa bega la bibi. Mjukuu ametoa majani membamba, bado hayajafunguka. Walipobaki wengine wanne, akauliza hawa ni nani.

"Hawa wanamnyang'anya mama chakula."

Ndipo panga likashuka. Mwanangu hakuligusa, wala hataligusa kwa miaka kadhaa. Lakini tayari anajua linakata nani, linamwacha nani, na kwa nini. Aliona pia kwamba bibi akimaliza hulilaza chini ya shina, makali yakitazama udongo, na kwamba anayempokeza mwenzake panga hutanguliza mpini. Hayo hayakutamkwa. Yalitendwa mbele yake asubuhi nzima.

Jembe nalo lina mahali pasipo pake. Mtoto alipolinyanyua karibu na mbuni, bibi alimdaka mkono. Akainama, akaondoa majani makavu, akaukwangua udongo kwa kucha mpaka vikaonekana vijizizi vyembamba, vyeupe, karibu kabisa na uso wa ardhi. "Hii ndiyo midomo yake," akasema. "Ukiikata atakula kwa nini?" Tangu siku hiyo mwanangu anapalilia chini ya kahawa kwa mikono, na hata mimi ananikemea.

Huwa nasikia watu wakisema watoto wa mjini waachwe, zana za shamba watazijua wakikua. Sikubaliani nao. Vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka vingine vimebaki uwanja tu, na wengi wetu tunapanda mlimani mara moja kwa mwaka, wakati wa Krismasi. Kijana anayeshika panga kwa mara ya kwanza akiwa na nguvu za mtu mzima, bila kuwahi kuhesabu mama, mtoto na mjukuu, anafyeka shina zima. Nimeyaona mashina ya namna hiyo, na yaliniuma.

Mwaka ule nilikuwa nimemnunulia mwanangu seti ya zana za plastiki kutoka Dar es Salaam: kijembe, kireki na kikopo cha kumwagilia. Kikopo kilifaa. Kireki kilikatika jino siku ya kwanza, na kijembe kikapinda kwenye bonge la udongo. Mama hakusema neno. Alizunguka nyuma ya banda, akarudi na jembe lililobaki kiganja, akalipangusa kwa jani la mgomba.

Nililitambua kwa mpini. Karibu na bapa kuna alama niliyoichonga kwa kisu nikiwa darasa la pili, nikachapwa kwa ajili yake. Mwanangu akaipapasa kwa kidole gumba, akaliweka begani kama anavyomwona bibi akifanya, wakaondoka wawili kuelekea kwenye maharagwe.